Mvua ni ya nani?

Hapa Goma tunakaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mvua ikinyesha, maji yanapotea chini, mto hakuna. Ndiyo maana watu wanafunga shitingi na kukinga maji kwenye bidoni. Mei 2021, volkano ilipolipuka na robine nyingi zikakauka, swali likawa kali: jirani asiye na shitingi akiomba maji, anaweza kunyimwa?

Mwenye shitingi atasema: nilinunua, nilifunga, bila mimi maji yangemezwa na mawe. Ni kweli. Lakini wingu hakulinunua. Jasho lake linampa haki ya kuteka wa kwanza, si haki ya kufunga mlango. Ya kufua auze, sawa. Ya kunywa, ndugu zangu, hayanyimwi mtu.