Mwenye Nguvu Mpishe

Methali hii yaelekea haikutungwa kwa ajili ya barabara, lakini hapana mahali ambapo hutiiwa zaidi kuliko barabarani. Katika njia iendayo kutoka mji wa Kahama hadi Kakola, penye mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, mtu aliyepanda baisikeli na kufunga gunia la mpunga nyuma yake husikia mngurumo wa lori lingali mbali. Hageuki kutazama. Hushuka, akakivuta chombo chake majanini, akaipa njia mgongo, akaziba pua kwa upindo wa shati na kungoja. Lori hupita. Vumbi hukaa hewani kwa muda, kisha hutua juu ya gunia, juu ya nyusi, juu ya majani ya mihindi iliyo kando ya njia. Ndipo mtu yule hupanda tena na kushika safari yake.

Hakuna askari aliyemwamuru kushuka, wala hakuna sheria iliyomwamuru. Basi alilolitenda ni nini? Ni wajibu, au ni busara, au ni unyonge uliozoewa hata ukavaa nguo za adabu?

Yafaa kwanza kuitazama sheria yenyewe, maana wengi huinung'unikia bila kuisoma. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, nayo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Yataka kila chombo kishike upande wa kushoto. Penye makazi ya watu yataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na nje ya makazi lori lenye uzito unaozidi kilo 3,500 lisipite kilomita 80. Yataka pia anayempita mwenzake awe ndiye wa kuhakikisha kwamba njia ni salama, wala si anayepitwa. Mtu akizipima kanuni hizi moja moja ataona kwamba hakuna hata moja isemayo kuwa kidogo kiondoke kikubwa kipite. Mbele ya sheria, baisikeli iliyo mbele ina mahali pake, na lori lililo nyuma lina deni la kungoja. Mkulima aliyeshuka majanini ametoa kitu kilichokuwa chake.

Mtetezi wa methali atajibu kwamba haki haiungi mfupa uliovunjika, na kwamba kaburi la mwenye haki halina tofauti na kaburi la mwenye kosa. Jibu hilo ni la kweli, wala mwenye akili hawezi kulidharau. Lakini ni jibu la swali jingine. Methali yamwambia mnyonge namna ya kuishi hadi jioni. Haimwambii mwenye nguvu kwamba njia ni yake. Ubaya huingia pale shauri lililonong'onezwa sikioni mwa mdogo linaposikiwa na mkubwa, naye akalichukua kuwa hati ya kumiliki. Dereva asemaye, "Watu wa huku wanajua kupisha," amegeuza hadhari ya wengine kuwa ada yake. Tangu siku hiyo, asiyepisha huonekana mkaidi. Na akigongwa, watu huuliza kwanza kwa nini hakushuka, ndipo huuliza kwa nini lori halikupunguza mwendo.

Watu wa Kakola waliijua methali hii hata kabla ya malori kuwa mengi. Mwezi wa Agosti mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kumpisha mwenye leseni, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001. Mabishano juu ya tukio hilo ni marefu, nayo si ya insha hii. Latajwa hapa kwa sababu mtu aliyewahi kupisha ardhi haoni ajabu kupisha njia.

Lakini kuna mahali ambapo methali hii ni sheria kamili, tena ni sheria ya haki. Katika migodi ya wazi, kama ule wa Geita, lori la kubeba mawe huweza kuchukua mzigo uzidio tani 100, na dereva wake hukaa juu sana hata gari dogo lililo karibu na gurudumu hawezi kuliona. Kwa hiyo desturi ya migodi ni kwamba gari dogo hulipisha kubwa. Je, hapo mdogo ameonewa? La. Kwanza, anayepisha amefundishwa, amejaribiwa na kupewa kibali. Gari lake lina bendera juu ya mlingoti na taa imulikayo, na aweza kusema na dereva wa lori kwa redio. Pili, asiye na mafunzo haruhusiwi kuingia. Kupisha kwake ni sehemu ya mapatano ambayo kila upande umebebeshwa mzigo wake. Barabara ya umma haina lango. Humo hupita mtoto wa shule, bibi kizee atokaye gulioni, na ng'ombe wa Msukuma wasiojua kusoma alama. Kuichukua kanuni ya mgodini na kuileta kwa watu hawa ni kuchukua nusu ya mapatano, ile nusu impendezayo mkubwa, na kuiacha nyingine nyuma ya lango.

Jambo lilo hilo huonekana wazi zaidi katika habari ya moshi. Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi. Mitambo ya dizeli ifanyapo kazi chini huko, hewa safi hushushwa kwa mapanka makubwa, na moshi hutolewa nje, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba moshi huo ukikaa utaua. Juu ya ardhi moshi ule ule ukitoka katika bomba la lori huitwa moshi tu, na kazi ya kuuondoa huachiwa upepo. Mwezi wa Juni mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika daraja la vitu ambavyo bila shaka huleta saratani kwa binadamu. Pafu la mchimbaji na pafu la mpanda baisikeli ni la namna moja. Kilicho tofauti ni kwamba la kwanza lina msimamizi.

John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba uhuru wa mtu waweza kuzuiwa kwa haki pale tu unapomdhuru mwingine. Kanuni hiyo yamshika vizuri dereva agongaye, kwa maana mdhuru na mdhuriwa wako mahali pamoja, damu ni ushahidi, na askari aweza kuandika. Kwa moshi kanuni hupoteza mshiko. Lori moja halimwui mtu, malori elfu kwa miaka ishirini huweza kumwua, lakini hakuna dereva hata mmoja awezaye kuambiwa, "Wewe ndiwe." Kila mmoja ametoa kidogo, na kila mmoja asema kweli anaposema hivyo. Huu ni udhaifu wa fikra zetu za hatia, ambazo hutafuta mkono mmoja wa kuushika.

Vituo vya mizani vyatoa mfano wa kustaajabisha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019; kikomo chake ni tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Wahandisi wajua kwamba madhara ya ekseli juu ya barabara hukua upesi kuliko uzito wake: ekseli ikiongezwa uzito mara mbili, uharibifu huweza kufika kama mara kumi na sita. Basi lami imepata mtu wa kuisemea, akaweka mizani kuipimia maumivu yake kwa kilo. Kifua cha anayeishi kando ya lami hiyo hakijapata mizani iliyo kali kiasi hicho.

Hata umri wa gari umeamuliwa kwa njia zisizofanana. Kenya hairuhusu kuingizwa motokaa iliyozidi miaka 8. Tanzania huiruhusu, ila huitoza ushuru zaidi kwa uzee wake. Maskini atasema, na asema kwa haki, kwamba bila gari kuukuu asingekuwa na gari kabisa. Lakini ushuru ule huingia hazina, na moshi huingia kwa jirani. Mtu amelipa, ila hakumlipa aliyemdhuru. Kinyume chake, mwanzoni mwa mwaka 2015 nchi za Jumuiya zilipokubaliana dizeli iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, hakuna dereva aliyeombwa kuwa mwema. Mwenye huruma na asiye na huruma walijaza tangi kwa mafuta yale yale. Haifai kuyadharau maadili ya namna hiyo, yasiyongoja roho nzuri ya mtu.

Kati ya lori na baisikeli yupo kijana wa bodaboda. Ni yeye anayeushusha ubishi huu usiwe hadithi ya mkubwa mbaya na mdogo mwema. Penye lori hujitupa pembeni kama mkulima; penye mkulima hupiga honi kama lori. Kofia ngumu hukaa mkononi mwake kama kikapu hata amwone askari kwa mbele. Methali moja aitumia kwa nyuso mbili katika safari moja, wala haoni kwamba amejipinga.

Na madereva wa lori nao si mawe. Wako ambao, wakimwona mtu amesimama majanini na gunia lake, hupunguza mwendo ili vumbi lisimfunike, na wanapompita huinua mkono. Mkulima naye huinua wake. Kama mkono wa dereva ni salamu tu, basi hakuna alilokiri. Kama ni shukrani, amekiri kwamba mahali alipopita palikuwa pa mwenziwe, na kwamba amepewa. Yule aliye majanini hana njia ya kujua. Hujifuta uso, hulikaza gunia kwa mpira, na kuirudisha baisikeli njiani, upande wa kushoto.