Kila Mji wa Kale Una Mokowe Yake

Mpwa wangu,

Mamako kaniambia kuwa wewe na mkeo mmepata viza ya Italia, na kwamba mna siku tisa za kuzunguka Roma, Firenze, Siena na ile miji midogo ya vilimani ambayo mkeo ameipenda kwenye picha. Kaniambia pia kwamba umeshaanza kuulizia gari la kukodi, mlichukue mkitua na mlirudishe mkiondoka. Hapo ndipo nilipovuta kiti nikaandika. Nimeshika usukani wa lori miaka 31, kutoka Mombasa hadi Kampala, Kigali na Bujumbura, kwa hiyo huwezi kusema mjomba anaogopa gari. Na Italia nimefika, nikakodi gari, nikapigwa faini tatu ndani ya dakika ishirini. Nisikilize kabla hujatoa kadi ya benki.

Nilikuwa nimekwenda kumtazama dada yako alipokuwa akisoma huko. Tukawa tunatafuta hoteli katika mji mmoja wa Toscana, ambao jina lake naliacha kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Simu ikasema pinda kulia, nikapinda. Njia ikaanza kubana kama chupa inavyobana shingoni. Nikakunja kioo cha kulia, halafu cha kushoto. Mbele yetu bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga alijibanza mlangoni ili nipite, akanitazama, akatikisa kidole cha shahada taratibu, huku na huku, bila kusema neno. Hatua chache mbele nikaelewa: njia ilikuwa inaishia kwenye ngazi. Nilirudi kinyumenyume mlima mzima, klachi inanuka kama mpira unaoungua, na yule bibi bado yuko pale pale, safari hii akiniongoza kwa mkono kama utingo wangu wa zamani. Dada yako alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Nilidhani aibu ile ndiyo malipo. Baada ya majuma kadhaa kampuni ya magari ikakata euro 40 mara tatu kwenye kadi yangu, ujira wa kuwapa wenye mji jina langu na anwani. Miezi minane baadaye zikaja barua zenyewe, tatu, kila moja inadai euro 100 na ushei. Sheria yao inawapa siku 360 za kumfikishia barua mtu anayeishi nje ya nchi, kwa hiyo usijipongeze kwamba umerudi nyumbani salama.

Kitu kilichonikamata kinaitwa ZTL, yaani eneo ambalo magari yamewekewa mipaka. Miji mingi ya kale ya Italia imeizungushia mitaa yake ya ndani eneo la namna hiyo. Hukuti askari wala kizuizi. Unakuta kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu, saa zake zimeandikwa chini yake, na juu kuna kamera inayopiga picha namba ya gari. Ukipita lango moja, ni faini moja. Mimi nilizunguka kutafuta pa kutokea nikapita malango mengine, na kila moja lilihesabiwa kivyake. Penye kibao cha taa, maneno «varco attivo» huwapoteza wageni. Mtu anasoma «attivo» anadhani njia iko wazi, kumbe maana yake ni kwamba lango liko kazini na wewe usiingie.

Lakini kilichoniuma kuliko pesa ni kwamba mimi, katika watu wote, ndiye niliyepaswa kujua. Nimezaliwa Lamu. Unajua mwenyewe jinsi ya kufika kwa nyanya yako: basi linaishia Mokowe, unateremka, unapanda mashua, na gari lako hata liwe la thamani gani linabaki bara likikungoja. Mitaa ya Lamu ilipimwa kwa punda mwenye mizigo pande mbili, na anapopita unajibana ukutani. Hakuna mtu wa Lamu anayelalamika kwamba njia ni nyembamba. Njia iko vile inavyotakiwa kuwa; aliyekosea ni anayetaka kuipita na kitu kisichokuwapo ilipojengwa. Mimi nilikulia katika somo hilo, kisha nikalisahau kwa sababu nilikuwa na funguo mkononi.

Sasa nikupe nasaha yenyewe. Swali lako ni «tukodi gari au tusikodi», na kwa swali hilo utabishana na mkeo hadi siku ya safari. Uliza hivi: mji huu Mokowe yake iko wapi? Kila mji wa kale unayo sehemu yake ya kuacha gari na kuingia kwa miguu. Ukishajua ilipo, utajua pia kama unahitaji gari kufika pale, au treni inakufikisha bila udhia.

Roma na Firenze, usiwaze gari kabisa. Treni ya mwendo kasi hutoka Roma Termini na kukushusha Santa Maria Novella, katikati ya Firenze, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Ukiwa na gari Firenze utalilipia maegesho siku nzima huku wewe unatembea. Na ikitokea umefika na gari kutoka kwingine, Mokowe ya Firenze iko Villa Costanza. Ni maegesho unayoyaingia moja kwa moja kutoka barabara kuu ya A1, unaacha gari, unapanda tramu namba 1 hadi stesheni. Venezia ndiyo Lamu hasa. Daraja la magari lililofunguliwa 1933 linaishia Piazzale Roma, na baada ya hapo kuna miguu na vyombo vya majini tu.

Miji ya vilimani ndiyo inayowadanganya watu. Mtu akiona kilima anasema hapa bila gari hatufiki. Kumbe wenyeji nao walichoka kupanda, wakatafuta njia. Orvieto iko juu ya jabali, stesheni iko chini. Ukitoka tu nje ya stesheni, unapanda behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma hadi juu, njia iliyoanzishwa mwaka 1888. Perugia wameweka ngazi za umeme zinazopita ndani ya Rocca Paolina, ngome ya Papa Paulo III. Ngome hiyo ilijengwa juu ya mtaa wa watu katika karne ya 16, kwa hiyo unapandishwa ukiwa umesimama, na kando yako kuna vichochoro na milango ya nyumba za zamani zilizobaki chini ya ardhi. Siena nayo ina ngazi za umeme kutoka stesheni, ingawa kwa anayetoka Firenze basi ni bora kuliko treni, maana linakushusha karibu na mji wa ndani. Kwenda San Gimignano, ule mji wa minara 14, treni inaishia Poggibonsi na basi linamalizia. Assisi hivyo hivyo: treni bondeni, basi kilimani.

Kwa hiyo gari litakufaa wapi? Litakufaa kati ya mji na mji, pale ambapo treni haifiki na basi ni la kubahatisha, hasa Jumapili. Bonde la Orcia, kusini mwa Siena, ndilo mfano. Pienza, Montalcino, Monticchiello na mashamba yaliyo baina yake huwezi kuyaona vizuri kwa ratiba ya basi. Huko mtu hulala shambani, asubuhi akafuata njia nyeupe za changarawe, akasimama anapotaka. Kwa picha alizokuonyesha mkeo, ile miberoshi iliyojipanga juu ya kilima, ndiko mnakokwenda. Hapo kodi gari, wala usione haya kulilipia. Pia kama mngekuwa wanne wenye mabegi, au mngemchukua mamako na magoti yake, hesabu ingebadilika, maana nauli za watu wanne zinajumlishwa. Hata hivyo mamako angeteremshwa nje ya lango kama wengine, isipokuwa hoteli iwe ndani ya eneo lile na imekubali kuiandikisha namba ya gari lenu. Hilo liulizie mapema, na upate jibu kwa maandishi.

Ukishaamua kukodi, shika haya machache.

Chukua gari siku unayotoka mji mkubwa, na ulirudishe kabla hujaingia mwingine. Siku ambayo gari limelala, umelipa bure. Chukua dogo kuliko unavyotamani, na kama gia za mkono hujazizoea, lipia otomatiki, kwani mlima wa mji wa kale si mahali pa kujifunza klachi. Leseni ya Kenya peke yake haitoshi huko. Pata kibali cha kimataifa cha udereva hapa nyumbani, ukichukue pamoja na leseni yenyewe. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na watafungia humo dhamana. Ikiwa kadi ni ya mkeo, basi dereva ni mkeo, na hilo si baya.

Wao huendesha kulia. Nimevuka Gatuna mara nyingi kutoka Uganda ya kushoto kwenda Rwanda ya kulia, na nakwambia hatari haiko mpakani. Pale kila dereva yuko macho. Hatari iko siku ya tatu, asubuhi, unapotoka kituo cha mafuta na barabara ni tupu, hakuna gari la kukukumbusha. Mkono unarudi ulikozoea. Mwambie mkeo, kila mnapoondoka mahali, aseme «kulia» kwa sauti, hata kama atachoka kusema.

Barabara kuu zao nyingi ni za kulipia. Unachukua tiketi unapoingia, unalipa unapotoka. Njia zilizoandikwa Telepass peke yake ni za wenye kifaa maalumu, usijipenyeze. Mwisho wa kasi ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha 110. Maegesho yana lugha ya rangi: mistari ya buluu unalipa, nyeupe kwa kawaida ni bure lakini soma kibao, njano imetengwa kwa watu maalumu na wewe si mmoja wao. Na kama leseni yako haijatimiza miaka mitatu, huko kileo hata tone haliruhusiwi kwa dereva. Wewe halikuhusu, lakini nasaha hii itasomwa na wengi.

Utaniuliza, je, uhuru? Vijana mnalipenda neno hilo, na mwenye gari hujiona huru. Nilipokuwa nikiendesha katika bonde lile la Orcia, dada yako alikuwa anasema, mjomba wa watu angalia kushoto, angalia ile nyumba. Mimi nilikuwa naangalia kona. Siku ya mwisho tuliporudisha gari tukapanda treni kwenda Orvieto, ndipo nilipoiona Italia kwa mara ya kwanza, nimekaa dirishani na chupa ya maji, mikono haina kazi.

Pale Orvieto tulishuka katika kisima kiitwacho Pozzo di San Patrizio. Papa Klementi VII alikimbilia mji huo baada ya Roma kuporwa mwaka 1527, akaogopa kuzingirwa bila maji, akaamuru kichimbwe. Kilikamilika 1537, kwenda chini zaidi ya mita 50. Ndani mna ngazi mbili zinazojizungusha ukutani, kila moja ina vidato 248, na hazikutani njiani. Nikamuuliza dada yako, mbili za nini? Akasoma kwenye kitabu chake: punda walishuka kwa moja kuchota maji, wakapanda kwa nyingine, wasipishane wakazuiana. Nikaweka mkono juu ya ukuta ule wa baridi nikacheka peke yangu. Mji huu tangu karne tano zilizopita ulishajua kupanga foleni ya punda, nami nimekuja kuufundisha kupokea gari langu. Wazee walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Nilikuwa nimeyafumbua yote mawili, na bado sikuona kibao.

Kwa siku zenu tisa, mjomba wako angefanya hivi: Roma siku mbili kwa miguu; treni hadi Orvieto, mlale usiku mmoja; treni hadi Firenze, siku mbili; basi hadi Siena, siku moja. Hapo Siena mkodi gari siku mbili za bonde la Orcia, mlirudishe hapo hapo, kisha treni ya kupitia Chiusi iwarudishe Roma. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igongeni muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, maana nayo ina faini yake.

Na usiku wa leo, kabla hujalipa chochote, keti na mkeo na karatasi moja. Andikeni majina ya miji yote mnayoitaka, na mbele ya kila jina muandike Mokowe yake iko wapi. Mji ambao hamjaijua Mokowe yake, msiuendee na gari.