Jina la ukoo na utu wa mtu

Jina la ukoo hutunza asili ya mtu, lakini haliufungi utu wake. Ujerumani, jina Bayer humaanisha mtu wa Bavaria na Schmidt humaanisha mhunzi. Baadhi ya akina Schmidt waliohamia Marekani wakawa Smith. Huko Uvira, mashariki mwa Kongo, watu wa jamii ya Banyamulenge wanaitwa kwa jina la Mulenge, kijiji cha milimani juu ya bonde la Ruzizi. Mwaka 1972 Mobutu, rais wa nchi hiyo, alipiga marufuku majina ya Kikristo: yeye mwenyewe, Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko, na Kardinali Malula, aliyepinga, akaenda kukaa Roma. Waumini waliofutiwa majina ya ubatizo kwenye vitambulisho hawakupoteza ubatizo wenyewe, kwani Kanisa Katoliki hufundisha kuwa alama yake haifutiki. Serikali hubadili maandishi. Utu hautolewi na karani, wala yeye hawezi kuufuta.