Jembe la Siku ya Tatu

Ijumaa moja ya mwaka 2021 nilifika nyumbani, Chamazi, saa 5 usiku. Nilikuwa nimetoka Dodoma mchana, basi likatuharibikia Gairo, na kutoka stendi ya Mbezi hadi kwangu ni safari nyingine. Mke wangu alinifungulia mlango. Mezani palikuwa na wali wa nazi na kuku chini ya kawa, sahani moja, glasi moja, na kile kitambaa cha meza ambacho hakitoki kabatini ila kwa sababu. Binti yangu, wakati ule ana miaka 7, alikuwa hajalala. Aliniamkia amesimama wima kama yuko mstarini shuleni, akapokea begi langu, kisha akamfuata mama yake jikoni. Nikamsikia akiuliza: "Mama, baba atalala siku ngapi?"

Sikula ule wali. Nilisema nimekula njiani.

Nimekulia katika nyumba iliyopokea wageni wengi, na swali hilo nalifahamu. Sisi watoto tuliliuliza kila shangazi au mjomba alipoteremka na mkoba wake, kwa sababu tulitaka kujua tutarudishiwa chumba chetu lini. Binti yangu hakukosea neno lolote. Alimwona mtu anayekuja Ijumaa usiku, anayepikiwa kuku, anayesifiwa mbele ya majirani, na Jumapili mchana hayupo. Mtu wa namna hiyo anaitwaje?

Nilihamia Dodoma mwaka 2019, mwaka ambao ofisi za Mji wa Serikali wa Mtumba zilizinduliwa. Uamuzi wa kuhamisha makao makuu ulikuwa wa zamani. TANU iliupitisha mwaka 1973, ukakaa miongo minne na zaidi, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli aliposema sasa tunahama na tukahama kweli. Sina kinyongo na uamuzi huo. Nchi ina haki ya kuamua makao yake yawe wapi, na mtumishi wa umma huenda anakopangiwa. Ila mke wangu ni mwalimu wa sekondari huku Temeke. Mama yangu anaishi nasi na ana kisukari, kliniki yake iko hapa. Watoto wana shule yao. Tukakaa kitandani usiku mmoja, tukapiga hesabu, tukasema nitangulie peke yangu, kwa muda. Nilipanga chumba Ilazo, nikanunua godoro, jiko la gesi na sufuria mbili. Vitu vya mtu anayekaa kwa muda.

Watoto walielezwa kwamba baba ameenda kutafuta. Nilikuwa nalipenda neno hilo, nililirithi kwa baba yangu, naye kwa baba yake. Halidai maelezo. Ukisema umeenda kutafuta, hakuna anayeuliza unatafuta nini, kwa muda gani, wala kama umeshakipata. Kwa miaka miwili lilinitosha. Ada ililipwa, dawa za mama zilinunuliwa, ukuta wa uani ukapanda. Nilijihesabu kuwa baba mwema, na kwa kipimo cha neno lile nilikuwa baba mwema.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoandika juu ya Ujamaa, akieleza kwamba katika jamii zetu za asili kila mwenye nguvu alifanya kazi. Mimi niliijua kama onyo kwa mgeni mvivu. Usiku ule, nikiwa nimelala karibu na mke wangu bila usingizi, niliisikia kwa sikio jingine. Anayekabidhiwa jembe ndiye aliyekubaliwa. Anaonyeshwa shamba linaishia wapi, anajua akiba imebaki kiasi gani, akikosea atagombezwa kama wengine. Mimi kila wiki niliondoka kabla siku ya tatu haijafika. Hakuna aliyewahi kunipa jembe, na sikuwahi kuliomba.

Hata sheria ilikuwa imenipima kwa kipimo kile kile. Mwanangu wa pili alizaliwa mwaka 2018. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za uzazi, na baba siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Nilizichukua zote tatu. Siku ya kwanza ilikwisha hospitali, ya pili kwa kupokea waliokuja kutoa hongera, na siku ya tatu, ndiyo kwanza najifunza kumshika mtoto wakati wa kumwogesha bila mikono kutetemeka, nilikuwa napiga pasi shati la kwendea kazini. Jirani zetu wa Kenya waliandika majuma mawili katika sheria yao ya mwaka 2007. Majuma mawili nayo si mengi, lakini ni muda wa kutosha mtoto kuizoea harufu ya baba yake. Nawaomba wanaotunga sheria zetu walitazame jambo hili kwa uzito. Mwanamume anafundishwa ugeni mapema sana, na anafundishwa kwa maandishi.

Mgeni hajui mengi. Sikujua kwamba binti yangu alikuwa amehamishiwa dawati la nyuma na haoni ubaoni. Sikujua mwanangu anaogopa jogoo wa jirani. Mke wangu alikuwa amewaambia watoto, kwa mapenzi na kwa heshima aliyofundwa kwao, kwamba baba akija asisumbuliwe, amechoka. Basi nikawa sisumbuliwi. Makosa yao yalifichwa mpaka nimeondoka, ugomvi uliahirishwa, na nyumba nzima ilinionyesha uso wake wa sikukuu. Mimi nikarudi Dodoma nikiamini nyumbani kuna amani.

Mwili wangu haukuamini. Ilianza kwa kuamka saa 8 usiku na kubaki macho hadi alfajiri. Baadaye moyo ukawa unanienda mbio nikiwa nimekaa tu mbele ya kompyuta. Ofisini nikaanza kufokea vijana kwa makosa madogo, halafu nikawa najifungia chooni kwa aibu. Nilikwenda hospitali nikidhani ni moyo. Daktari, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, alinipima presha, akaiandika, akaweka kalamu chini. Akaniuliza: "Mzee, jioni huwa unaongea na nani?"

Nikamjibu kwamba naongea na familia kila siku kwa simu. Akauliza huwa tunaongea nini. Nikafungua mdomo, nikakosa la kusema. Tulichokuwa tunaongea ni hujambo, sijambo, watoto hawajambo, mama hajambo, hela imefika.

Lugha yetu ina adabu ya pekee katika salamu. Aliyefiwa jana akiulizwa habari atasema nzuri. Lakini adabu hiyo ina mlango wake, nao ni neno dogo: ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Sijambo, ila nimefiwa. Salama, ila njaa. Salamu hufungua, na ukweli huingia kwa ila. Wanawake wanaujua mlango huo, ukikaa barazani na mama yangu na shoga zake utawasikia wakiupita wote, mmoja baada ya mwingine. Sisi wanaume tuliambiwa tujikaze, na kujikaza kwetu ni kukata salamu kabla ya ila. Nimewahi kufanya kazi meza moja na mtu kwa miaka 3, kila asubuhi akisema yuko poa, na nikaja kusikia kwa wengine kwamba ndoa yake ilishavunjika na alikuwa analala kwenye gari.

Yule daktari aliniambia nianze kuonana na mshauri nasaha. Nilikataa, na sababu yangu naisema wazi kwa kuwa najua si yangu peke yangu. Kwa kizazi chetu neno Mirembe, jina la hospitali ya magonjwa ya akili, lilikuwa tusi la uwanja wa shule. Hospitali ile imetibu watu wengi, lakini sisi tuliokua tukitishana kwa jina lake tulijifunza kwamba akili ikichoka, heshima imekwisha. Daktari hakunibishia. Alinieleza kwamba tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeutaja uchovu wa kazi katika orodha yake ya kimataifa, halikuuita ugonjwa, limeuita hali inayotokana na msongo wa kazini uliokaa bila kushughulikiwa. Akasema ukiachwa unaweza kufungua njia kwa sonona, na sonona ni maradhi, kama kisukari cha mama yangu ni maradhi. Mfano wa mama ndio uliozungumza nami. Mama haoni aibu kuchoma sindano yake mbele ya wageni.

Nilikwenda kwa mshauri mara 6. Sitasimulia yote, ila kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kumpigia mke wangu na kumaliza salamu. Jioni hiyo akaniuliza hujambo. Nikasema: "Sijambo, ila silali. Mwezi wa tatu huu silali."

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani imekatika. Kisha akasema: "Hata mimi."

Miezi hiyo yote mtu na mke wake walikuwa macho saa 8 usiku, mmoja Ilazo, mwingine Chamazi, na asubuhi kila mmoja akimwambia mwenzake sijambo. Yeye alikuwa hataki kuniongezea mzigo ugenini. Mimi nilikuwa sitaki kumwongezea mzigo nyumbani. Tulipendana kwa kufichana.

Hapo ndipo nilipoomba jembe. Nilimwambia nigawie kazi, kazi hasa, ambayo nisipoifanya itaharibika. Alisita, kwa sababu mwanamke aliyezoea kuendesha nyumba peke yake hawezi kuachia usukani kwa siku moja, na nisingemlaumu. Akaanza na hesabu za binti yetu: saa 2 usiku kila siku ya shule, kwa simu, daftari likiwa mbele ya kamera. Kisha kundi la wazazi la darasa lake, ambako nilikuta akina mama wengi na akina baba wawili. Kisha Jumamosi: sare, soko la Rangi Tatu, na kumfuatilia fundi bomba. Ndani ya mwezi mmoja niligombana na binti yangu juu ya kazi ya shule ambayo hakuifanya, akalia, akaenda kulala bila kuniaga. Nilijilaumu njia nzima kurudi Dodoma. Wiki iliyofuata hakusimama wima kuniamkia. Alisema shikamoo akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, anachora, na nikaketi palepale karibu naye.

Mwaka 2022 mwanangu aliugua malaria. Sheria ile ile ya 2004 inampa mfanyakazi siku 4 za likizo yenye malipo mtoto anapougua au linapotokea msiba wa karibu, na katika utumishi wangu wote sikuwahi kuiomba kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto. Nilipoiomba, aliyekuwa msimamizi wangu aliniuliza, bila ubaya wowote usoni: "Kwani mama yake hayupo?" Nikamjibu kwamba yupo, na baba yake yupo pia. Akatia sahihi. Laiti ningelisema hivyo miaka mingi nyuma.

Julai 2024 treni ya umeme ikaanza kufika Dodoma, na safari iliyokuwa inakula kutwa ikawa chini ya saa 4, kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida. Nilifurahi kama mtoto. Ijumaa jioni mabehewa hujaa akina baba kama mimi, na zabibu zao mapajani. Tunaongea Simba na Yanga, tunaongea viwanja. Usiku mmoja, tukiwa tumeshapita Morogoro, mtu mzima aliyeketi mbele yangu aliyekuwa kimya tangu Dodoma akasema tu, hakumwambia yeyote: "Mwanangu jana kaniita anko." Hakuna aliyecheka. Mmoja wetu alimpa zabibu. Mwingine akaanza, taratibu, kusema ya kwake.

Mwezi uliopita, Jumapili alasiri, nilikuwa nimesimama mlangoni na begi, tiketi iko kwenye simu. Nikamuuliza mke wangu kama nimwache salama. Akasema: "Salama, ila nimechoka. Si kuchoka kwa kulala."

Nikaliweka begi chini. Nilimpigia bosi wangu, nikaomba Jumatatu iwe likizo, akakubali. Mke wangu akaingia ndani kujinyoosha, na baada ya muda nikaona amelala kweli, mlango uko wazi, mchana mweupe.

Binti yangu, sasa ana miaka 11, alitoka uani akaliona begi sakafuni. "Baba, huondoki?"

"Mpaka keshokutwa alfajiri."

Alinitazama kidogo, akaingia chumbani kwa bibi yake, akarudi na daftari la kliniki lililofungwa kwa mpira. Akanikabidhi mkononi.

"Basi kesho utampeleka wewe," akasema. "Muwahi namba. Ikifika saa 12 foleni inakuwa imeshatoka nje, na bibi hawezi kusimama sana. Na umbebee chai, huwa hatakiwi kukaa na njaa akishapimwa."

Nikamuuliza amejuaje yote hayo.

"Mimi ndiye ninayekwendaga naye," akasema, akarudi uani.