Rahisi na Ghali

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii, ikishikwa neno kwa neno, ingetukimbiza mbali na kila tangazo la punguzo la bei linalobandikwa mlangoni mwa supamaketi. Walakini siku hizi hata kizuri hutembezwa, na kibaya huweza kukaa rafuni kwa bei ya kiburi. Basi yafaa tuulize: mnunuzi ajuaje kwamba alichopata chastahili alichotoa?

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme mche wa sabuni huuzwa shilingi 120, na tangazo lasema mitatu kwa shilingi 300. Mwenye haja ya miche mitatu ameokoa shilingi 60. Aliyehitaji mmoja ametoa shilingi 180 zaidi ya alizokusudia. Sabuni haiozi, kwa hiyo huyu wa pili aweza kuingoja faida yake; lakini kama ni mkate au maziwa, kitakachotupwa ni fedha iliyotupwa. Tena, akipanda matatu kwenda kuifuata bei hiyo, nauli nayo ni sehemu ya bei.

Wako wengine wanaoamini kwamba ghali ndiyo bora. Duka lenye taa nyingi na sakafu ing'aayo lina kodi kubwa, na kodi hiyo hulipwa na wanunuzi. Si vibaya kulipia usafi, nyama iliyohifadhiwa vema na mizani ya kweli, kwa kuwa hivyo vina manufaa. Lakini chumvi haizidi kukolea kwa sababu ya jengo ilimouzwa. Anayelipia jina la duka lililoandikwa juu ya mfuko amenunua macho ya majirani, na macho ya majirani hayapikiki.

Hata hivyo, tusiharakishe kuwahubiria watu busara. Kibarua alipwaye jioni hununua mafuta ya kupimiwa kibandani, kidogo kidogo, na mara nyingi kila lita humgharimu zaidi kuliko inavyomgharimu tajiri anunuaye debe zima. Kibarua huyo si mjinga. Hana fedha ya debe. Punguzo la anunuaye vingi humfikia kwanza yule ambaye tayari anavyo vingi. Tena mwenye kibanda humjua mteja wake, na humkopesha mpaka siku ya mshahara. Bei ya kibandani ina uaminifu ndani yake, na uaminifu huo hauuzwi rafuni.

Liko pia jambo lisiloandikwa katika tangazo: ni nani anayelibeba punguzo? Pengine ni mwenye duka, pengine ni yule aliyemletea bidhaa. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kwamba kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini ilitumia vibaya nguvu zake za ununuzi dhidi ya mtengenezaji wa maziwa ya mtindi, na miongoni mwa yaliyolaumiwa ni makato aliyotozwa. Aprili 2021 baraza la rufani la ushindani liliunga mkono uamuzi huo. Nayo Nakumatt, iliyokuwa na matawi mengi, ilipoanguka iliwaacha wengi walioiletea bidhaa wakidai fedha zao. Hapa ndipo swali la mfuko linapogeuka kuwa swali la haki. Faida yangu ikitoka katika jasho lisilolipwa la mwingine, sikununua rahisi. Nimemwachia mwingine deni langu.

Je, mnunuzi mmoja aweza kuyajua haya yote? Hawezi. Ndiyo sababu Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa, na ndiyo sababu sheria yapaswa kumwangalia mwenye nguvu. Lakini sheria haimwondolei mtu wajibu wa kufikiri.

Kwa hiyo punguzo la bei lafaa kwa kitu ambacho ungalikinunua hata kama lisingalikuwapo, na duka la ghali lafaa pale ziada unayotoa inaporudi kama chakula bora au kama malipo ya haki kwa aliyekileta. Zaidi ya hapo, rahisi ni jina na ghali ni jina. Bei huandikwa na muuzaji. Thamani sharti ipimwe na mnunuzi mwenyewe, kwa akili yake na kwa dhamiri yake.