Uongo wa Herufi

Mtu akiitazama herufi O ya Futura iliyochapwa kwa unene, huweza kuapa kuwa imechorwa kwa bikari. Na aweke bikari juu yake: kiapo kitavunjika. Sehemu za juu na chini ni nyembamba kuliko za ubavuni, na duara lenyewe huuvuka kidogo mstari ambao herufi jirani husimama juu yake. Sababu ni jicho. Duara lililo sawa kwa kipimo huonekana dogo kando ya herufi yenye miguu bapa, na mstari wa kulala huonekana mnene kuliko wa kusimama, ujapokuwa upana wao ni mmoja.

Paul Renner, Mjerumani aliyezichora herufi hizo zilizotolewa mwaka 1927 na kiwanda cha Bauer mjini Frankfurt, alianza kwa ukali zaidi. Katika michoro yake ya awali r ilikuwa kijiti na nukta pembeni. Hesabu ilikuwa safi, lakini msomaji alijikwaa. Maumbo mengi ya namna ile yakaachwa. Katika herufi nene taabu huzidi. Pale tumbo la b linapokutana na mti wake weusi hurundikana, na mchoraji hana budi kupapunguza.

Je, huu si udanganyifu? Chombo kinajidai kuwa cha hesabu, kumbe kimefinyangwa kwa macho! Hoja hiyo ina uzito, kwani herufi hizo zilisifiwa hasa kwa unyofu wake. Walakini ahadi yake haikuwekwa kwa bikari. Iliwekwa kwa msomaji. Mchoraji ampaye duara la kipimo, naye akaliona limepondeka, amesema kweli kwa rula na uongo kwa mtu.

Wengine huutafuta uovu katika nasaba ya umbo. Mwaka 1932 Renner alitoa kijitabu cha kuwapinga Wanazi katika mambo ya utamaduni. Mwaka 1933 alikamatwa, akaondolewa katika uongozi wa chuo cha wapiga chapa mjini Munich. Siku zile wengi wa Wanazi waliitukuza Fraktur, herufi za kona zilizovunjika, kuwa ndiyo ya Kijerumani halisi. Tarehe 3 Januari 1941 waraka wa Martin Bormann ulidai kuwa asili yake ni ya Kiyahudi, ukaamuru iachwe. Hapana mstari hata mmoja uliokuwa umebadilika katika herufi zile.

Kwa hiyo mshitakiwa atafutwe kwa mtumiaji. Unene huamuru kabla akili haijauliza. Tangazo la mkopo laweza kuandika RAHISI kwa herufi za urefu wa shubiri, na riba ikawekwa chini kabisa, ndogo kama punje za ulezi. Nazo pia ni za Futura, zimechorwa kwa uangalifu ule ule.