Amlishaye Mdhalimu, Ana Hatia?

Tuseme katika kijiji fulani yuko baba mkali, ambaye huwafungia watoto wake ndani, huwapiga, wala hamruhusu mtu kuwaona. Unga ukimwishia, huenda kwa jirani yake tajiri kukopa, na jirani humpa. Watu wakimlaumu jirani, hujibu, "Nikimnyima, watakaokufa njaa ni watoto, si yeye." Je, jirani huyo ni mwema, au ni mshiriki wa udhalimu ule?

Swali hili si la kijiji peke yake. Ndilo linalotukabili tunapotazama habari za Korea ya Kaskazini na China.

Dola ile iliundwa mwaka 1948, na tangu hapo imetawaliwa na ukoo mmoja: Kim Il Sung hadi kufa kwake mwaka 1994, kisha mwanawe Kim Jong Il, na tangu mwaka 2011 mjukuu wake Kim Jong Un. Raia hawana ruhusa ya kutoka nchini wapendavyo, wala kusikiliza redio za kigeni, wala kumpinga mkuu. Hufundishwa mafundisho yaitwayo Juche, ambayo kiini chake ni taifa kujitegemea. Lakini kujitegemea huko kumekuwa zaidi kwa maneno. Mwaka 1950 majeshi ya China ndiyo yaliyouokoa utawala ule vitani. Mwaka 1961 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba wa kusaidiana. Na katika miaka ya karibuni zaidi ya sehemu 9 katika 10 za biashara yake ya nje zimekuwa na China, nayo mafuta huvuka mpaka kwa bomba. Wahenga walisema kweli: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Jirani naye ana sababu zake. Aogopa kwamba nyumba ile ikianguka, wakimbizi kwa maelfu watamwangukia, na majeshi ya Marekani yatasogea mpakani pake. Basi, hatoi kwa huruma tupu. Hata hivyo, hoja yake kuhusu watoto si ya kutupwa. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, msaada wake ulikatika. China nayo ikaanza kudai malipo ya fedha taslimu. Siasa mbovu ya kilimo ilikuwa imekwisha kuidhoofisha nchi, na mwaka 1995 yakaja mafuriko makubwa. Njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Makadirio yaanzia laki kadhaa na kupita milioni 2. Je, utawala ulianguka? La, haukuanguka. Serikali ilitangaza siasa ya kulitanguliza jeshi, na wanyonge wakazikwa. Anayetaka ghala lifungwe hana budi kujiuliza kwanza ni sahani ya nani itakayobaki tupu.

Je, kwa hiyo jirani hana hatia? Hapa yatupasa kupambanua. Kutoa chakula ni tendo jema, hata kama mdhalimu atajinufaisha nalo. Lakini liko tendo jingine. Wako watu wanaovuka mto Tumen kuikimbia nchi ile, na China imekuwa ikiwakamata na kuwarudisha, ikisema ni wahamiaji wasio halali, ingawa ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1982. Tume ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2014 kwamba warudishwao hukabiliwa na mateso na vifungo, na kwamba utawala ule umetenda jinai dhidi ya ubinadamu. Je, kumrudisha mkimbizi kwamlisha mtoto yupi? Tendo hilo halina sura mbili. Hapo jirani haponyeshi njaa ya mtu yeyote. Amshika mtoto aliyetoroka, amkabidhi mikononi mwa mpigaji.

Wengine watasema jirani hana nguvu kubwa kama tudhanivyo. Kweli, China iliunga mkono vikwazo vya Umoja wa Mataifa baada ya jaribio la kwanza la bomu la nyuklia mwaka 2006, na majaribio yakaendelea hadi la 6 mwaka 2017. Tena mwaka 2024 Kim Jong Un alitia sahihi mkataba mwingine na Urusi, akajipatia mlango wa pili wa kubisha. Lakini kutoweza kumgeuza mwovu hakumpi mtu ruhusa ya kumsaidia. Kumfungulia mkimbizi mlango hakuhitaji kibali cha Pyongyang.

Hatia ya kwanza ni ya mtawala, wala hawezi kumsukumia mwingine. Ila jirani naye atahesabiwa, si kwa unga alioutoa, bali kwa mlango alioufunga. Nasi pia, msomaji mpenzi, katika mitaa yetu twajua nyumba ambamo vilio husikika usiku. Tukipeleka unga huko, tumefanya vema. Lakini mtoto wa nyumba ile akija kubisha kwetu gizani, tutamfungulia, au tutamrudisha kwa baba yake ili tusiharibu ujirani?